Yangambi Ina Vitabu, Sasa Isomeshe Wakutubi

Yangambi iko kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 ukifuata mkondo kutoka Kisangani, katika mkoa wa Tshopo. Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, na makao yake makuu barani Afrika yakajengwa hapo, ndani ya msitu. Baada ya uhuru urithi huo ulikwenda kwa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, yenye sampuli zipatazo 150,000, inajulikana na wataalamu wa dunia nzima. Kando yake kuna maktaba isiyosemwa sana: ripoti za kila mwaka za INEAC, majarida, tasnifu, ramani za udongo, na majuzuu ya flora ya Kongo yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1948. Katika miaka ya karibuni misaada imerudi Yangambi kwa wingi, na ni jambo la kushukuru. Jengo la mimea limekarabatiwa, maabara ya mbao imefunguliwa, mnara wa mita 55 umesimamishwa kupima hewa inayoingia na kutoka msituni, na vijana wengi wamesomeshwa shahada za uzamili na uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Lakini katika hesabu za misaada ya aina hii, kazi ya mkutubi huwekwa mwishoni, kama haikusahauliwa kabisa. Naamini hilo ni kosa kubwa, na kwamba kumsomesha mfanyakazi wa maktaba ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote ya kuwarudishia Wakongo elimu iliyopatikana kwenye ardhi yao na kwa jasho la wazee wao.

Tuanze na kile kilichomo kwenye karatasi hizo, maana asiyejua thamani ya kitu haoni haja ya kumwekea mlinzi. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha kazi iliyoeleza jinsi michikichi inavyorithisha unene wa ganda la kokwa. Walionyesha kwamba mchikichi wa aina ya tenera, wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, ni mtoto wa aina mbili: dura yenye ganda nene, na pisifera isiyo na ganda, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Kilimo kikubwa cha mawese cha Malaysia na Indonesia kimesimama juu ya ugunduzi huo. Mgomba uitwao Yangambi Km5, unaopandwa hata nje ya Kongo kwa sababu unastahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, umebeba jina la mji huu. Katika miaka ya 1950 INEAC ilitoa ramani za udongo na uoto za eneo lenyewe, zenye majina ya Weko, Yangambi na Lilanda. Yapo pia maandishi kuhusu mashamba ya mpango wa serikali yaliyowekwa kwa Waturumbu, wenyeji wa eneo hilo, ambako msitu ulikatwa kwa vipande virefu kama ujia, kila kipande kikalimwa kwa zamu na kupumzishwa. Mjukuu wa waliolimishwa katika mpango ule anaishi palepale leo, analima udongo uleule, na pengine hajui kwamba shamba la babu yake lilipimwa, likachorwa na kuandikiwa ripoti.

Karatasi peke yake haitoshi, na ushahidi mzuri kuliko wote umetoka Yangambi yenyewe. Kati ya mwaka 1937 na 1958 miti zaidi ya 2,000 ilikuwa ikitazamwa kila wiki: umechanua, umezaa, umepukutisha majani. Matokeo yaliandikwa kwa mkono katika majedwali, alama moja baada ya nyingine. Nusu karne na zaidi baadaye mtafiti Koen Hufkens aliongoza mradi wa Jungle Rhythms, ambamo picha za majedwali hayo ziliwekwa kwenye intaneti na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakasaidia kuziandika upya ili kompyuta izisome. Leo takwimu hizo zinawasaidia wanasayansi kujua msitu wa Kongo ulivyofuata majira kabla ya tabianchi kubadilika kama inavyobadilika sasa, na hakuna fedha inayoweza kununua tena miaka ile ishirini. Sasa fikiria kinachoyapa majedwali hayo maana. Ni jina la mti kwenye ukingo wa karatasi, namba ya mti, mwaka, na mpangilio unaoonyesha kwamba ukurasa huu unafuata ule. Mchwa wakila ukingo huo, au mtu mwenye nia njema akifagia chumba na kuzichanganya karatasi za mafungu mawili, alama zitabaki lakini hazitakuwa na la kusema. Kuzuia hasara ya namna hiyo ni kazi ya kitaalamu. Ina kanuni zake, ina makosa yake yanayojulikana, na hufundishwa.

Inafaa kuzitaja kanuni chache, kwa sababu wengi wetu tunadhani kazi ya mkutubi ni kukaa mezani na kufuta vumbi. Yangambi hupata mvua ya wastani wa milimita 1,800 kwa mwaka, na joto la nyuzi 25 hivi miezi yote. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza kuota kwenye gundi na vitambaa vya majalada. Mkutubi aliyefundishwa haegemezi rafu kwenye ukuta wa nje, kwa kuwa ukuta huo hupitisha unyevu. Huacha nafasi ili hewa ipite nyuma ya vitabu, hufungua madirisha saa zinazofaa na kuyafunga saa zisizofaa, na hukagua nyuma ya rafu kwa ratiba, bila kungoja mpaka harufu imwambie. Anajua kwamba kitabu chenye ukungu hutengwa kwanza ndipo kisafishwe, maana ukipiga vumbi lake ndani ya chumba umepanda mbegu kwenye vitabu vyote. Anajua kwamba karatasi nyingi za miaka ya 1940 na 1950 zilitengenezwa kwa rojo la mbao na zina asidi, hivyo hujila zenyewe, huwa za manjano kisha hukatika zikikunjwa. Na anajua kwamba utepe wa plastiki, ule ambao kila ofisi hutumia kuunga ukurasa uliochanika, baada ya miaka michache huacha doa la gundi lisilotoka. Mtu asiyefundishwa huunga ukurasa kwa utepe huo akidhani anauokoa. Hakuna mashine ya bei kubwa katika orodha hii. Yote ni maarifa, macho na utaratibu.

Kisha kuna mpangilio. Maktaba nyingi za Kongo zilizoanzishwa na Wabelgiji zilipangwa kwa mfumo wa desimali wa Paul Otlet na Henri La Fontaine, uliotoka Brussels mwanzoni mwa karne ya 20, ambao ndani yake kilimo kina namba 63 na mimea ina nafasi yake kwenye 58. Mfumo huo una nguvu kwa sababu namba zake zinaweza kuunganishwa: zao, ugonjwa, mahali na lugha vyote vikaonekana katika alama moja ya kitabu. Lakini nguvu hiyo humfaa anayeusoma. Kwa asiyeujua, tarakimu zile ni mapambo ya mgongo wa kitabu, na siku kitabu kinaporudishwa kwenye rafu isiyo yake kimepotea kama kilichoibwa, tena vibaya zaidi, kwa kuwa kadi yake ya katalogi bado inasema kipo. Na hakuna mgeni wa wiki mbili atakayekitafuta. Atakwenda zake akiandika kwamba hakipo.

Hapa naja kwenye hoja ambayo ina uzito zaidi kuliko hifadhi. Wapo wanaosema maktaba ya taasisi ya utafiti si maktaba ya umma, na kwamba mafunzo ya wakutubi wa umma yanahusu miji mikubwa yenye manispaa na bajeti. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini katika miji midogo ya Kongo mara nyingi maktaba ya taasisi, ya chuo au ya parokia ndiyo pekee iliyopo, na mwanafunzi wa sekondari, mwalimu, muuguzi na mkulima wote hugonga mlango uleule. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuandikwa upya mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2022, inataka maktaba imhudumie kila mtu bila ubaguzi, na inaliona suala la elimu ya mkutubi kuwa la lazima, kwa sababu yeye ndiye anayesimama kati ya watu na maarifa. Mali ya Yangambi ni ya taifa. Ikiwa umma hauna mlango mwingine, basi mlango huo ni wa umma, na anayekaa mlangoni hapo anapaswa kuandaliwa kuupokea umma huo.

Kumpokea mtu asiye mtafiti ni ufundi mgumu kuliko kumpokea profesa. Profesa huja na jina la mwandishi na mwaka. Mkulima huja na swali, na mara nyingi swali analolisema mwanzoni silo linalomsumbua. Akiomba kitabu cha migomba, pengine anataka kujua kwa nini majani ya migomba yake yanakuwa meusi kabla mkungu haujakomaa. Mkutubi aliyefundishwa humuuliza polepole, bila kumfanya aone haya, mpaka swali la kweli litoke. Kisha huenda kwenye rafu ya magonjwa badala ya rafu ya mazao. Halafu kuna lugha. Karibu kila kitu kwenye rafu hizo kimeandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu, wakati anayeuliza anazungumza Kiswahili, Kilingala au Kiturumbu. Hakuna atakayetafsiri majuzuu yale yote, wala hakuna haja. Kinachowezekana ni mkutubi kusoma kurasa tano, kuandika nusu ukurasa wa muhtasari kwa Kiswahili au Kilingala, na kuuweka kwenye jalada ambalo mtu anayefuata atalikuta. Baada ya miaka kumi jalada hilo lingekuwa kitabu cha kilimo cha eneo lenyewe, kilichotokana na maswali ya watu wenyewe. Sijui mradi mwingine wa Yangambi ambao kwa gharama hiyo ungezaa kiasi hicho.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu wa leo atatoa ni simu. Kwa nini tuhangaike na rafu wakati kila kitu kiko kwenye intaneti, na machapisho mengi ya INEAC yana nakala Ubelgiji? Nakala za Ubelgiji ni bima nzuri, na kuzigeuza za kidijitali ni kazi ya kuungwa mkono. Lakini zilizobaki Yangambi peke yake, yaani barua, daftari za mashamba na ripoti zilizopigwa chapa bila kuchapishwa, hazimo katika bima hiyo mpaka mtu azitambue na kuziorodhesha. Tena intaneti yenyewe inamhitaji mkutubi kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2003 kuna mpango wa AGORA, unaosimamiwa na FAO, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo na mazingira ambayo kwa kawaida hulipiwa fedha nyingi. Haufunguliwi kwa mtu mmoja mmoja aliye barabarani. Taasisi hujiandikisha, hupewa nywila, na kwa kawaida mkutubi ndiye anayeitunza, kuwafundisha wasomaji kutafuta, na kupakua makala siku mtandao unapokuwa na nguvu ili zisomwe siku usipokuwepo. Mlango upo na hauna ada, lakini bila mtu anayejua kuwa upo utabaki umefungwa. Hata programu ya Koha, ambayo maktaba nyingi za Afrika hutumia kwa katalogi na haina malipo ya leseni, haiwezi kurekebisha katalogi iliyoandikwa ovyo. Huyapeleka makosa haraka zaidi tu.

Pingamizi la pili ni zito, na halistahili kujibiwa kwa maneno mepesi. Mfanyakazi wa serikali ambaye mshahara wake hauji, au ambaye amefanya kazi miaka mingi bila namba ya matrikule, yaani namba ya kusajiliwa katika utumishi wa serikali, atakuambia kwamba cheti hakiliwi. Ana haki. Kumpa mtu majukumu mapya bila malipo ni dhuluma, na semina za siku tatu zenye posho na picha ya pamoja hazijabadilisha maktaba yoyote. Lakini tukisema mishahara kwanza na mafunzo baadaye, tunaweka sharti ambalo mkutubi hana uwezo nalo, huku karatasi zikiendelea kuoza. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja: cheti kinachotambuliwa na wizara ndicho kinachompa mtu hoja ya kudai ngazi na mshahara wa mkutubi, badala ya kuhesabiwa kama mhudumu wa ofisi. Katika utawala wa Kongo, kama kwingineko, asiye na jina la kazi hana pa kudaia. Kwa hiyo mafunzo yasiyoishia kwenye cheti kinachohesabika katika utumishi wa umma yasianzishwe kabisa.

Wengine husema uzoefu unatosha. Kuna hekima ndani yake, kwani wale waliozitunza rafu za Yangambi wakati wa vita, mto ukiwa umefungwa na Kisangani ikipigwa mabomu na majeshi ya kigeni mwezi Juni 2000, walifanya kazi ambayo hakuna shule ingewafundisha. Heshima yao ni kubwa. Ila uzoefu ambao haujaandikwa hustaafu pamoja na mwenyewe. Anayejua peke yake kwamba sanduku la tatu lina ramani za Weko akiondoka, sanduku linabaki na ramani zinakuwa zimepotea. Shule huchukua ujuzi wa mzee huyo, huuweka katika kanuni, na kumfanya kijana aliyeingia jana aweze kuendelea. Majirani zetu walilitambua hili mapema. Shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka 1963. Mwaka huohuo Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 huduma hiyo ilikuwa tayari inaongozwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno. Baadaye, mwaka 1989, ikawa na chuo chake cha ukutubi na nyaraka kule Bagamoyo, kinachowafundisha hata wasaidizi wa ngazi ya cheti. Kwa nchi zinazotumia Kifaransa ilikuwepo shule ya Dakar tangu miaka ya 1960. Kongo nayo ilipata mafunzo ya nyaraka na maktaba katika chuo cha habari kilichoanzishwa Kinshasa katika miaka ya 1970.

Tatizo ni kwamba Kinshasa iko mbali na Yangambi kwa zaidi ya kilomita 1,500 za mto. Mfanyakazi mwenye familia hawezi kuondoka miaka mitatu, na aliyeweza kuondoka mara nyingi hana sababu ya kurudi. Kwa hiyo mafunzo yenyewe ndiyo yapaswayo kusafiri. Walimu wawili kutoka Kinshasa, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Kisangani, wangeweza kuendesha cheti kwa awamu: wiki nne Kisangani, kisha miezi mitatu kila mwanafunzi kwenye maktaba yake akifanya kazi halisi ya kuorodhesha rafu moja, kisha kurudi na orodha hiyo kusahihishwa mbele ya wenzake. Wanafunzi wasitoke Yangambi tu. Wawemo wa maktaba za vyuo vikuu, za parokia, za shule kubwa za Isangi na Kisangani, ili siku mmoja akikwama awe na mwenzake wa kumpigia simu. Mahesabu ya matumizi yake ni madogo mno yakiwekwa karibu na bei ya mnara au maabara. Mashirika ya Ulaya yaliyogharamia wanamisitu wa Kisangani yamekwisha kuona kwamba kumsomesha Mkongo palepale nchini kunaleta matunda: nchi yenye msitu wa pili kwa ukubwa wa tropiki duniani ilikuwa na wataalamu wenye shahada za juu za misitu wa kuhesabika kwa vidole, na sasa wako zaidi ya mia. Asilimia ndogo ya kila mradi wa utafiti unaotumia karatasi za Yangambi itengwe kwa ajili ya wanaozitunza karatasi hizo, na iandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Tukio moja la jirani litutahadharishe. Katika kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, Tanzania ilifungua maktaba nyingi za vijiji na kuwapa watunzaji wake mafunzo mafupi. Vitabu vipya vilipoacha kufika, nyingi zilidhoofika, ingawa watunzaji walikuwa wamefundishwa. Somo la huko si kwamba mafunzo hayafai. Ni kwamba mkutubi wa maktaba ya watu hawezi kutegemea shehena kutoka mbali. Sharti afundishwe pia kuzalisha maandishi mwenyewe, kama ile mihtasari ya nusu ukurasa niliyoitaja, na kuyapata yale yasiyo na malipo. Yangambi ina bahati ambayo vijiji vile havikuwa nayo, kwa sababu malighafi yake iko ndani ya jengo tayari.

Linabaki swali ambalo wakurugenzi huliuliza kwa sauti ya chini: tukimsomesha, si atahama? Baadhi watahama. Chuo cha Kisangani kitawachukua, au shirika la hifadhi, au mradi wenye gari na mshahara wa dola. Lakini mkutubi aliyehamia Kisangani bado yumo mkoani Tshopo, bado anajua kilichoko Yangambi, na ndiye atakayemwelekeza mwanafunzi wa uzamili asafiri siku hiyohiyo badala ya kuandika kwamba chanzo hakipatikani. Hasara ya kweli hutokea pale maktaba inapomsomesha mtu mmoja tu. Basi kila kundi liwe na watu wawili kutoka maktaba moja, mzee na kijana, na mtihani wa mwisho wa kila mmoja uwe ni katalogi ambayo mwenzake anaweza kuitumia kutafuta kitabu bila kumuuliza.